Nimelipia mita 108 za kisima Uyui, kamba imegota mita 78

Wakuu, jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa tisa. Leo naliandika kwa sababu jirani wa mama yangu amenipigia simu akitaka namba ya waliotuchimbia kisima. Anataka kuuza ng'ombe wanne achimbe na yeye. Nimemwambia asiuze hata ndama kabla hajasoma uzi huu.

Mama anaishi Uyui, upande wa mto Igombe. Ana miaka 71. Maisha yake yote amechota maji mbugani, kwenye kisima cha kuchimba kwa jembe, na kiangazi kikikaza inabidi uamke saa tisa usiku ukasubiri maji yajikusanye ndiyo uteke. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, kwake bado. Nilipopata kiinua mgongo, kazi ya kwanza ilikuwa kisima kirefu cha mama, kabla hata sijamalizia kuezeka kwangu.

Mpimaji wa maji ya chini ya ardhi alikuja mwezi wa tatu na nyaya zake na betri, akazunguka kiwanja nusu siku, akapigilia kigingi nyuma ya nyumba karibu na mteremko wa kushuka mbugani. Mwezi wa nne mashine ikaja. Dereva akasema lori halipiti, mwembe umeziba njia na ardhi ni tepetepe. Msimamizi wao akang'oa kigingi, akakihamishia getini, hatua kama hamsini, akaniambia, "Mzee, maji ni yaleyale." Nikakubali. Hilo linaniuma kuliko hela, maana nilikuwa nimesimama palepale na sikufungua mdomo.

Maji si yaleyale! Chini ya sehemu kubwa ya Tabora kuna itale, jiwe gumu la zamani sana. Hakuna ziwa lililotandazwa chini ya kijiji kizima. Maji yanakaa kwenye tabaka la juu ambapo jiwe limeoza likawa changarawe na udongo, na kwenye nyufa za jiwe lenyewe. Kazi ya upimaji ni kutafuta mahali palipooza hadi chini zaidi, au penye ufa. Ukisogea hatua hamsini unaweza kuuacha ufa ukaangukia jiwe zima. Wazee wetu hawakuwa na betri wala nyaya, lakini walichimba mabondeni, hawakuchimba getini.

Na ukishaingia kwenye jiwe zima lisilo na ufa, kuongeza mita ni kuongeza bili tu. Mchimbaji analipwa kwa mita. Vumbi jeupe kavu linaruka, kompresa inanguruma, na wewe unadhani kila mita inakusogeza kwenye maji. Kwangu unyevu ulianza kuonekana mapema, baadaye likaja vumbi kavu tupu kwa muda mrefu. Niliambiwa "tunatafuta maji makubwa zaidi." Hakuna aliyepanga sampuli za mawe chini nione kila baada ya mita chache kunatoka nini. Siku hizi najua ni haki ya mwenye kisima kuziona, kuzipiga picha na kupewa maandishi: mita ngapi udongo, mita ngapi jiwe lililooza, jiwe gumu lilianzia wapi, maji yalionekana wapi.

Bei ilikuwa 120,000 kwa mita, mabomba ya plastiki ndani ya kisima yakiwa humohumo. Mwisho wa siku nikaambiwa mita 108, yaani shilingi 12,960,000. Wakapuliza kwa kompresa kama nusu saa, maji yakaruka juu, mama akapiga vigelegele, majirani wakaja na ndoo. Msimamizi akatazama tu kwa macho akasema kisima kinatoa lita 3,000 kwa saa. Nikalipa yote siku ileile. Nikanunua pampu ya kuzamisha ya kiwango hicho alichokitaja.

Mwezi wa nane maji yakaanza kutoka na mchanga. Mwezi wa tisa pampu ikaungua.

Nikamwita kijana fundi pampu kutoka mjini. Cha kwanza alichofanya ni kushusha kamba yenye uzito. Ikagota mita 71. Nikadhani labda mchanga umejaa, kwa hiyo tukakodi kompresa tukapuliza hadi mchanga ukaisha. Kamba ikashuka hadi mita 78, ikagonga kizibo cha chini cha bomba. Mita 30 hazipo. Hiyo ni 3,600,000 ya mtu aliyestaafu.

Niliwapigia. Jibu la kwanza: shimo ni 108 ila mabomba yaliishia 78. Nikauliza mbona nililipia mabomba ya mita 108. Jibu la pili: ardhi imesogea. Jibu la tatu hadi leo ni simu kutopokelewa.

Halafu yule kijana akachukua ndoo ya lita 20 na saa, akafunga pampu ndogo, akaiacha ifanye kazi toka asubuhi huku akipima maji yanashuka hadi wapi. Mwanzoni ndoo ilijaa haraka. Kufikia mchana ilikuwa inachukua sekunde 90, ikabaki hapohapo. Hiyo ni lita 800 kwa saa. Kwa lita 3,000 ilitakiwa ijae kwa sekunde 24. Pampu yangu ilikuwa inavuta kuliko kisima kinavyotoa, inabaki kavu, ndiyo maana iliungua. Lita 800 zinamtosha mama kabisa! Kwa pampu inayolingana, tangi la lita 2,000 linajaa kwa saa mbili na nusu. Yule msimamizi angeniambia ukweli ningenunua pampu ndogo na leo ingekuwa inafanya kazi.

Mchanga nao una sababu yake. Pembeni ya bomba lenye matundu huwekwa kokoto ndogo safi za kuchuja, na juu, mita chache za mwanzo, hupigwa saruji ili maji machafu ya juu yasiteremke kandokando ya bomba. Kwangu juu kuna udongo tu, nimeufukua kwa mkono wangu. Choo cha mama kiko mita 20 kutoka hapo getini, wakati kawaida inashauriwa angalau 30, na penye nyufa umbali zaidi ni bora. Nimesimamisha kunywa hadi maji yapimwe maabara, vijidudu pamoja na madini. Floridi haitoki kwa kuchemsha, na majirani zetu wa Singida na Shinyanga wanajua inavyofanya meno. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa hiyo jirani, na wengine mnaojipanga: usimtumie mpimaji aliyeletwa na mchimbaji. Kigingi kisisogee bila mpimaji mwenyewe kuja. Mwulize mchimbaji leseni, na uende ofisi ya bodi ya maji ya bonde kuomba kibali kabla mashine haijaingia, maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ndiyo inavyotaka. Kwetu ni Bonde la Ziwa Tanganyika, watu wa Igunga ulizeni Bonde la Kati. Mimi niliambiwa kibali "tutashughulikia sisi" na sijawahi kukiona. Siku ya kuchimba weka mtu mmoja, kazi yake iwe kuhesabu vyuma vya kuchimbia vinavyoungwa na kushuka shimoni na kuandika. Chetu kimoja kilikuwa mita 3, mita 108 ni vyuma 36, ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu na hakuna aliyeifanya. Shusha kamba mbele yao lori likiwa bado kiwanjani. Na bakiza pesa, nyingi, hadi kisima kipimwe kwa pampu saa kadhaa na wewe ukishika saa. Ukiweza, pima mwezi wa tisa au wa kumi. Mwezi wa nne mvua bado zipo na maji yako juu.

Sasa swali langu kwa wanaojua. Nina risiti ya mita 108, video ya kamba, na mashahidi watatu. Mkataba wa maandishi sina. Kuna aliyewahi kumdai mchimbaji mita hewa akarudishiwa pesa? Alianzia bodi ya bonde, polisi, au mahakama ya mwanzo? Na mafundi mliomo humu: kile kigingi cha kwanza nyuma ya nyumba bado nakikumbuka mahali pake. Kuna mashine ndogo inayoweza kupita pale bila kukata mwembe? Mama amesema mwembe haukatwi.