Taa nyekundu ya batri kwenye Mercedes ya Baba

Alhamisi, 18:47. Deo
Salamu kwenu wazee na ndugu zangu wote. Naomba ushauri kabla ya safari yetu ya Jumamosi ya kwenda Likasi kutoa mahari. Mercedes 190 ya marehemu Baba inawasha taa nyekundu ya batri kwenye dashibodi hata injini ikiwa inazunguka, ila haiwaki kwa nguvu: mchana huioni mpaka uzibe jua kwa kiganja, na usiku inafanana na kaa linalokaribia kuzimika. Fundi wa karibu na nyumbani alisema batri imechoka, nikanunua mpya, na taa ikabaki vile vile. Leo amesema alternata, ile mashine inayochaji batri, imekufa, na anataka dola 90 ili aibadilishe. Je, nimpe?

18:52. Shangazi Ngoie
Deo, hizo dola 90 ndizo zilizobaki za kununulia vitenge vya wakwe. Subiri kwanza mjomba wako aseme neno.

18:58. Mjomba Kalenga
Nipo. Nawaomba mniandikie, msinitumie sauti, kwa sababu masikio yangu niliyaacha kwenye karakana ya reli. Deo, mwana wangu, huyo aliyesema alternata imekufa alipima kwa chombo gani?

19:01. Deo
Hakupima, Mjomba. Aliniambia nikanyage mafuta kidogo, kisha akachomoa kichwa cha batri injini ikiwa inazunguka, akatikisa kichwa. Gari halikuzimika.

19:06. Mjomba Kalenga
Basi kwa kipimo chake mwenyewe alternata ilikuwa inatoa umeme, maana gari lilikuwa linaishi kwa nini wakati batri imechomolewa? Ila asirudie tena mchezo huo, na wewe usimruhusu. Batri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme wa alternata. Ukiichomoa ghafla, volti huruka juu kwa kitambo kifupi sana, na kitambo hicho kinatosha kuunguza diodi, kidhibiti cha volti na hata redio. Wengi wameua alternata nzima kwa kutaka kujua kama ni nzima.

19:11. Yaya Mireille
Mjomba, samahani kwa kuingilia. Corolla yangu ya zamani iliwahi kuwasha taa ya batri na taa ya breki kwa pamoja. Nilinunua mafuta ya breki, nikabadilisha na pedi, kumbe kilichoharibika kilikuwa alternata. Je, ya Deo haiwezi kuwa hivyo hivyo?

19:17. Mjomba Kalenga
Swali zuri, Mireille. Katika Toyota nyingi za miaka ile, taa ya breki imeunganishwa pia na waya wa taa ya batri, ili unapofungua kontakti, yaani swichi ya ufunguo, iwake na wewe ujue balbu yake haijaungua. Kwa hiyo alternata ikilala, taa zote mbili huwaka pamoja, na mwenye gari hukimbilia breki. Mercedes ya baba yenu haikufungwa waya namna hiyo, na tena taa zako ziliwaka wazi, si kwa mwanga huu wa kufifia. Huo mwanga wa kufifia ndio unaonitia shaka.

19:31. Mjomba Kalenga
Someni polepole, hata nyinyi msio na gari. Taa ya batri haina mtu ndani anayetazama batri. Ni balbu ndogo ya wati chache iliyosimama kati ya sehemu mbili. Upande mmoja inapata umeme kutoka kwenye kontakti, kwa kupitia fyuzi ya dashibodi. Upande wa pili waya mwembamba unashuka mpaka nyuma ya alternata, kwenye ncha iliyoandikwa D+. Ukifungua kontakti bila kuwasha injini, juu kuna volti 12 na chini alternata imelala, ikiwa imeshikamana na masi, yaani chuma cha gari chenye upande hasi wa batri, kwa kupitia rota yake, ile sehemu inayozunguka ndani. Umeme unateremka, balbu inawaka, na umeme huo mdogo uliopita ndani ya balbu ndio unaoamsha sumaku ya rota. Injini ikishazunguka, alternata inapandisha D+ mpaka volti zilingane na za juu. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili: wakilingana nguvu, mlango hausogei. Hapo balbu haina umeme wa kuipitia, nayo inazimika.

Sasa angalieni jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Balbu ya waya wa kuungua haijali umeme unatoka upande gani. Upande wa alternata ukiwa dhaifu, umeme unashuka na taa inawaka. Upande wa kontakti ukiwa dhaifu, umeme unapanda kutoka kwenye alternata kwenda kwenye dashibodi, na taa inawaka vile vile. Fundi wa Deo ameshtaki upande mmoja bila kuuliza upande wa pili.

19:38. Patient
Shikamoo, Mjomba. Mimi nilikuwa na wazo rahisi zaidi: Deo aondoe balbu hiyo aweke LED, zile taa ndogo za kisasa zisizo na waya wa kuungua. Kwenye gari la rafiki yangu mwanga wa kufifia ulikwisha siku hiyo hiyo.

19:44. Mjomba Kalenga
Marahaba, Patient. Ulikwisha kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo umeme unaopanda kutoka kwenye alternata umezibiwa njia ukaacha kuonekana. Ugonjwa wenyewe umebaki pale pale. Tena LED hupitisha umeme kidogo mno, na alternata za namna hii zinaweza kukosa nguvu ya kuamka. Mwambie rafiki yako apime volti za batri yake injini ikiwa inazunguka bila kukanyaga mafuta, asije akasimama njiani usiku.

19:46. Patient
Nimeelewa, na nitamwambia. Alilalamika kwamba asubuhi gari lake haliwaki mpaka asukumwe.

19:52. Mjomba Kalenga
Nadhani umeshapata jibu lake. Deo, naomba majibu matatu. Kwanza, ukifungua kontakti bila kuwasha injini, taa inawaka vizuri? Pili, mwanga wake hubadilika ukiwasha kitu chochote ndani ya gari? Tatu, una jirani mwenye kipimo cha volti?

20:20. Deo
Nimerudi kutoka uani, na hapa Katuba, Lubumbashi, umeme umekatika, kwa hiyo giza limenisaidia kuona. Kwa swali la kwanza, inawaka, lakini si ile nyekundu kali. Hata taa nyingine za dashibodi ni hafifu, nami nilidhani ni uzee wa gari. Kwa swali la pili, nimeona jambo la ajabu. Nikiwasha kiashiria cha kugeuka kushoto, taa ya batri inaongezeka na kupungua kwa mdundo ule ule wa kiashiria, kama moyo. Taa kubwa za mbele nikiziwasha, hakuna tofauti kubwa. Kwa swali la tatu, anayetengeneza simu mtaani kwetu ameniazima kipimo chake. Batri injini ikiwa imezimwa inasoma volti 12.6. Injini ikizunguka inasoma 14.1.

20:29. Mjomba Kalenga
Asante, umeangalia kwa macho ya fundi. Volti 14.1 ni ya alternata yenye afya. Ingekuwa imekufa, ungeona 12 na kitu ikizidi kushuka kila dakika. Uweke akiba hizo dola 90. Halafu huo mdundo wa kiashiria umetuonyesha njia. Taa kubwa zinakula umeme mwingi kuliko kiashiria, lakini haziigusi taa ya batri. Kiashiria kinakula kidogo, nacho kinaigusa. Maana yake ni kwamba kiashiria na dashibodi vinanywa kutoka kwenye bomba moja, na bomba hilo limebanwa mahali fulani. Kila kiashiria kinapowaka, kinavuta, volti za dashibodi zinashuka kidogo zaidi, na umeme wa alternata unapata nafasi ya kupanda kwenye balbu.

Kesho mchana ukiwa na mwanga, fungua sanduku la fyuzi. Liko chini ya boneti, karibu na kioo cha mbele. Gari hilo linatumia fyuzi zile za zamani, kijiti chenye ncha mbili zilizochongoka na utepe wa chuma ulio wazi juu yake, hivyo unaweza kupima bila kuzichomoa. Weka ncha nyeusi ya kipimo kwenye masi, injini ikizunguka, na ncha nyekundu uguse upande mmoja wa fyuzi ya dashibodi, kisha upande wa pili. Fyuzi nzima huwa na volti zile zile huku na huku. Chunga tai na mikono yako isikaribie feni wala mkanda.

20:31. Shangazi Ngoie
Tai anavaa Jumapili tu, kaka yangu, lakini nitamkumbusha kuhusu mikono.

Ijumaa, 10:14. Deo
Mjomba, nimepima. Waya mwembamba wa D+ nyuma ya alternata: 14.0. Fyuzi ya dashibodi, upande unaotoka kwenye kontakti: 13.9. Upande unaokwenda kwenye dashibodi: 12.2, na nikiwasha kiashiria unashuka hadi 11.8 na kurudi, unashuka na kurudi. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Fyuzi yenyewe haijakatika, utepe wake ni mzima.

10:20. Mjomba Kalenga
Ndiyo hiyo. Volti 1.7 zinapotea kwenye kitu chenye urefu wa nusu kidole. Balbu ina 14.0 chini na 12.2 juu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo lile kaa lako la usiku. Fyuzi haijakatika, ila ncha zake na vibanio vinavyoishika vimeota ukungu mweupe, na umeme unapita kwa kusuguana. Hilo ni gonjwa la kawaida la fyuzi hizi, hasa zenye utepe wa aluminiamu, na mvua za Novemba hadi Machi pamoja na vumbi letu jekundu haviwezi kuwa vimesaidia. Izungushe kwa vidole mahali pake, mara kadhaa, bila kuichomoa, kisha pima tena.

10:26. Deo
Nimeizungusha. Upande wa dashibodi umepanda hadi 13.5, na taa ya batri imezimika mbele ya macho yangu! Nikitikisa sanduku la fyuzi, inarudi kidogo.

10:33. Mjomba Kalenga
Usiishie hapo, maana barabara itakuzungushia fyuzi upande mwingine kabla hujavuka nusu ya zile kilomita 120 za kwenda Likasi. Zima injini, fungua kichwa hasi cha batri, chomoa fyuzi, usugue vibanio kwa msasa laini mpaka ving'ae, ufute vumbi lote, kisha uvikunje ndani kidogo sana ili vibane, kwa sababu ukivilazimisha vitavunjika. Fyuzi uweke mpya, ikiwezekana yenye utepe wa shaba. Rangi iwe ile ile: nyeupe ni ampea 8, nyekundu ni 16. Ilivyokuwa nyeupe, usiweke nyekundu.

10:36. Shangazi Ngoie
Kaka, mume wangu alikuwa anazungushia fyuzi karatasi ya sigara inayong'aa, na gari lilikuwa linatembea. Je, haiwezi kumsaidia Deo asihangaike sokoni?

10:41. Mjomba Kalenga
Namkumbuka shemeji, na nakumbuka pia nyaya zilizoyeyuka ndani ya lile gari lake, ambazo mimi ndiye niliyezibadilisha. Fyuzi iko pale ikatike kabla ya waya kuungua. Deo aende sokoni.

15:52. Deo
Nimetoka soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Muuza vipuri mmoja alikuwa nazo ndani ya kopo la maziwa, za shaba, nyeupe na nyekundu zimechanganyika. Nimechukua nyeupe kumi kwa bei ndogo kuliko nauli yangu ya kwenda na kurudi. Nimesafisha vibanio vyote vya sanduku, si cha dashibodi peke yake, kwa sababu karibu kila kimoja kilikuwa na ukungu ule mweupe. Sasa huku ni 13.9 na huku ni 13.8, na kiashiria kikiwaka hazisogei. Nikifungua kontakti kabla ya kuwasha injini, taa ya batri ni nyekundu kali ambayo sijaiona tangu Baba akiwa hai. Nikiwasha injini inazimika kabisa, hata nikiweka taa kubwa, feni ya ndani na kiashiria kwa pamoja.

16:03. Mjomba Kalenga
Vizuri sana. Imebaki kazi moja. Leo usiku, injini ikizunguka na taa kubwa zikiwa zimewashwa, pima tena kwenye batri. Ikiwa juu ya 13.5, lala usingizi. Na ubonyeze mkanda wa alternata kwa kidole gumba, injini ikiwa imezimwa, uone kama umelegea.

16:05. Yaya Mireille
Deo, na ile batri mpya uliyonunua bure?

16:09. Deo
Muuzaji amekataa kuirudisha, Yaya. Ile ya zamani niliyoitoa inasoma 12.5 mpaka leo. Naiweka nyumbani kwa taa za usiku, umeme ukikatika.

16:14. Mjomba Kalenga
Kesho unapokuja, niletee ile fyuzi ya zamani. Usiitupe, nataka kuiona kwa macho yangu.

20:47. Deo
Batri ni 13.9 na taa kubwa zikiwaka, Mjomba. Mkanda umebana. Fyuzi ya zamani iko ndani ya kisanduku cha kiberiti, mfukoni mwa koti. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri.