Mrejesho: Kikundi cha kutengeneza njia za msituni na kuhara

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza hapa nifanye nini baada ya watu 7 kati ya 18 wa kikundi chetu cha kujitolea kuharisha na kutapika ndani ya siku 3, tulipotoka kufyeka njia ya msituni. Asanteni sana, nilisoma kila jibu.

Aliyesema tuangalie wakati wa kula na si msitu, alilenga penyewe. Tulikuwa na kikombe kimoja cha kuchotea maji kwenye ndoo, kila mkono unazama humo. Sasa ndoo ina koki, sabuni inaning'inia pembeni ndani ya soksi, na kila mtu ana chupa yake. Vitakasa mikono ni akiba tu: mikono yenye udongo haitakasiki vizuri, na norovirusi, virusi vinavyoleta kuhara na kutapika, havisikii sana spiriti iliyo kwenye vitakasa hivyo. Ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Aliyeharisha au kutapika anakaa nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe.

Safari 3 tangu hapo, hakuna aliyeharisha. Mafua lakini yametupata: mvua ilinyesha tukafunga madirisha ya gari, wanne wakaanza kukohoa siku chache baadaye. Na ule ushauri wa kila mtu na jembe lake umeshindikana, vifaa havitoshi.

Kilicho kigumu zaidi ni watu kuficha ugonjwa wasionekane wavivu. Juzi dada mmoja alinipigia alfajiri, sauti imekauka, akiomba radhi kwamba hatakuja. Nilimshukuru kwa moyo wote, nikampa kazi ya kupanga zamu kwa simu.