Tiba ya seli ndo hiyo hiyo "seli shina" wanayotangaza mitandaoni?

mama_pili: Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada nimechanganyikiwa. Shemeji yangu ana saratani ya titi, kashapiga kemo raundi kadhaa, sasa kuna mtu kamtumia linki ya kliniki wanatibu kansa, kisukari, kiharusi hadi magoti, vyote kwa sindano ya seli shina, na ye alishasoma mahali kuna watoto wamepona kansa kwa tiba ya seli kwa hiyo kaamini ni kitu kimoja. Ni kweli? Mbona daktari wake hajawahi hata kuitaja?

Kisu_Butu: Dawa zipo kitambo, wanazificha wauze kemo. Hamshtuki tu.

dr_mtarajiwa: Mkuu tulia kwanza. Dada, hivyo ni vitu viwili tofauti. Hao watoto walipewa CAR-T. Wanachuja damu yako wanatoa seli T, askari wa kinga ya mwili, wanaziingizia jeni kwa kirusi kilichong'olewa meno ili ziote kitu kama ndoana ya kunasa protini inaitwa CD19, wanazizalisha maabara, wiki kadhaa hapo, halafu wanakurudishia kwa dripu. Mtoto wa kwanza alikuwa Emily Whitehead, Philadelphia, 2012, ana miaka 6 na leukemia, saratani ya damu, imesharudi. Na nusura afe, tena kwa hiyo tiba, homa kali akawekwa mashine ya kupumulia, kilichomuokoa ni dawa ya baridi yabisi inaitwa tocilizumab ambayo Carl June, mtafiti wa hiyo tiba, aliijua kwa sababu binti yake mwenyewe aliumwa viungo!! Marekani wakaja kuipitisha 2017.

Sasa kwa nini sio titi. CD19 inakaa kwenye seli B, zile za kutengeneza kingamwili, ndo zilizougua kansa kwa Emily, zikifa zote nzuri na mbaya bado unaishi, unaongezewa kingamwili. Baadhi ya saratani za titi zina protini nyingine inaitwa HER2 kwa wingi, na HER2 kidogo ipo hadi kwenye mapafu. 2010 iliripotiwa mgonjwa wa majaribio aliyewekewa seli za kuwinda HER2 zikamvamia mapafu, akafariki ndani ya siku tano. Ndo maana kwa titi bado ni majaribio na daktari kanyamaza.

nesi_wa_zamu: Naongezea, kansa za uvimbe nazo wameanza kuzifikia, 2024 Marekani walipitisha tiba ya seli kwa melanoma, kansa ya ngozi, na nyingine kwa sainovia sakoma, kansa ya tishu laini. Na seli shina, zile zinazozalisha seli nyingine, sio uongo zote jamani, kupandikiza uboho si ndo seli shina zenyewe. Hata Casgevy ya sikoseli iliyopitishwa mwishoni mwa 2023 wanachukua seli shina zako wanazihariri jeni kwa CRISPR, kama mkasi wa jeni, ila kwanza unapigwa kemo nzito ya kusafisha uboho na unalala wodini wiki kadhaa. Sasa hao wa kuchoma asubuhi mchana uko kwako, magonjwa manne sindano moja, mmh. Waulize jaribio limesajiliwa wapi na liko awamu ya ngapi. Jaribio halali kwa kawaida halikuuzii dawa inayojaribiwa.

Kisu_Butu: Haya nimekoma 😂 ila mbona miaka na miaka?

dr_mtarajiwa: Awamu ya kwanza watu wachache, wanaangalia usalama na dozi, ya pili kama inafanya kazi, ya tatu inashindanishwa na tiba iliyopo. Dawa zinazofika hadi kujaribiwa kwa binadamu, kama 9 kati ya 10 zinafia njiani. Na hata ikipita bado inafuatiliwa, Januari 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliwaagiza watengenezaji wa CAR-T waweke onyo kwamba seli zenyewe zinaweza kugeuka kansa. Wangekuwa wa kuficha si wangeficha hilo.

mama_pili: Nimewapigia hao watu nikaomba namba ya usajili, wakasema nitume nusu ya hela kwanza ndo niongee na daktari. Nimekata simu. Ila hiyo HER2 mliyoitaja, kwenye majibu ya kipimo cha kinyama (biopsy) cha shemeji imeandikwa HER2 chanya na hakuna aliyetuelezea ni nini.

nesi_wa_zamu: Chanya?? Dada kesho nendeni na hayo majibu mkamuulize daktari wake kuhusu trastuzumab, dawa ya HER2 ipo tangu 1998, na hiyo sio majaribio.