Wakuu, Harrier Anaconda au Crown Athlete? Mkopo umekubali, naihitaji kabla ya tarehe 15 Desemba

Mangi_Mpole
Habari za usiku wakuu. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dar, naishi Kimara, nina mke na watoto wawili. Sijawahi kumiliki gari, leseni ndiyo kwanza nimeanza kuisomea. Benki wamenikubalia milioni 30, miezi 84, makato 546,000 kwa mwezi. Nabaki na laki saba na kidogo, yaani ile theluthi ya mshahara haijaguswa, kwa hiyo kisheria niko salama. Nina akiba ya milioni 9. Kichwa kinaniuma kati ya Harrier Anaconda nyeusi na Crown Athlete. Ipi ina unafuu wa spea na mafuta? Naomba ushauri wa kujenga, matusi hapana. Wiki ya pili hii usingizi sipati.

Fundi_Gerezani
Crown ni V6, injini ya 4GR, lita 2.5. Tamu barabarani ila iko chini, usiipeleke kwenye makorongo. Harrier ya injini ya 3ZR ni cc 1,986, haijavuka 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni 5% wakati Crown unapigwa 10%. Sasa ukiagiza iliyovuka miaka 10 tangu itengenezwe, kuna 30% nyingine ya uchakavu, halafu VAT 18% inakaa juu ya vyote hivyo. Na meli kutoka Japani ni wiki nne hadi sita, hapo bandari hujaigusa. Kwa Desemba nunua ya yadi, iliyokwisha kuingia nchini. Chukua Harrier.

Mwl_Mstaafu
Kijana, una kiwanja? Mwaka 1999 nilikopa SACCOS nikanunua Corolla DX ya mkononi. Wanafunzi wangu ndio waliokuwa betri yake, kila saa nane mchana wanaisukuma hadi mteremko wa zahanati. Deni lilipoisha gari nalo lilikuwa limeisha. Hadi leo chumba cha tatu cha nyumba yangu hakina dari.

Ndago
Mwalimu, hajauliza habari za dari.

Kipusa_wa_Chumbageni
Mwacheni mwalimu aseme. Sisi mume wangu alileta Crown. Kichochoro cha kwetu haipiti, tukawa tunailaza kwa jirani mwenye geti, elfu 30 kwa mwezi. Taa ya mafuta haikuwahi kuzimika tangu siku ya kwanza, mafuta ya elfu kumi kumi kama tunanunua mkaa. Jumapili tunakwenda nayo kanisani, Jumatatu wote tuko kwenye daladala. Siku ada ya mtoto ilipokosekana nilimwambia tumpeleke Crown shuleni akasome yeye. Aliiuza kwa kulia.

Ndago
Mangi, tarehe 15 Desemba kuna nini?

Mangi_Mpole
Mambo ya kifamilia tu mkuu. Tujikite kwenye spea.

Ndago
Mangi, Desemba, gari jeusi. Sema tu unakwenda kuhesabiwa nyumbani Kilimanjaro 😂 Rombo au Machame?

Mangi_Mpole
Rombo. Lakini siyo kujionyesha. Watoto wanateseka kwenye mabasi, mwisho wa mwaka nauli zinapanda na viti hakuna.

Ndago
Raum inafika Rombo. IST inafika Rombo na matenga ya nyanya juu. Na kwa nini lazima iwe nyeusi?

Wa_Kiambu
Huku Kenya ni vile vile, Krismasi kila mtu anaenda ocha, yaani kijijini kwao, na Prado hata kama ni ya kukodi. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa waziri wa fedha, aliwaambia mawaziri warudishe yale magari makubwa wachukue Passat za cc 1,800. Wacha manung'uniko! Mtu analipiwa mafuta na serikali, dereva analipiwa, na bado anaona Passat ni kuvuliwa suruali mbele ya watu. Sasa sisi wa mshahara tutapona?

Ndago
Mangi hajajibu kuhusu rangi.

Mangi_Mpole
Sawa, nasema, ila msinicheke. Desemba mbili zilizopita nilikodi Harrier nyeusi. Mwaka wa kwanza sikumwambia mtu kwamba ni yangu, naapa. Tulifika usiku, mzee akatoka na tochi, akaizunguka yote, akaweka kiganja kwenye boneti kama anampima mtoto homa. Akasema "Mungu mkubwa." Nikashindwa kumsahihisha. Kesho yake kwenye ndafu nikaitwa meza ya wazee, na kaka yangu mkubwa, aliyejenga nyumba ya wazazi kwa mikono yake, akabaki nje na vijana. Mwaka jana nikakodi ile ile.

Sasa mdogo wangu anaoa tarehe 28 na mzee ameshatangaza kwenye kikao kwamba maharusi watapanda gari langu. Na mwenye Harrier ameiuza. Hapo ndipo nilipo.

Ndago
Kodi nyingine nyeusi, maisha yaendelee.

Mangi_Mpole
Mpaka lini? Siku kumi ni milioni moja na nusu, inapotea hivi hivi. Ukinunua unabaki na chombo.

Fundi_Gerezani
Hapo sasa tuongee hesabu. Kukodi miaka saba ni milioni 10 na nusu. Kwa makato uliyoandika, 546,000 mara 84, benki unawarudishia milioni 45.8 na hujatia hata lita. Kimara hadi Posta na kurudi, kwenye foleni ile, lita nne na ushee. Lita tuihesabu kwa elfu tatu. Siku 22 za kazi ni kama 280,000. Bima kubwa ni 3.5% ya thamani. Yadi wanataka ngapi?

Mangi_Mpole
43.

Fundi_Gerezani
Basi bima ni milioni 1.5 bila VAT. Bima PEKE YAKE ndiyo ile hela yako ya kukodi siku kumi. Na mimi ndiye niliyekwambia chukua Harrier, nisamehe.

Mangi_Mpole
Kwani lazima niende nayo kazini? Nitapanda mwendokasi kama kawaida, gari inakaa nyumbani.

Kipusa_wa_Chumbageni
Milioni 43 ikae nyumbani inasubiri Krismasi. Hata mti wa Krismasi tunauweka wiki mbili tu.

Ndago
Na namba ya usajili je? Mzee hajaishika namba ya ile ya kukodi?

Mangi_Mpole
Mzee ni karani mstaafu. Ameiandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Nitamwambia ile nimeiuza, nimechukua nyingine ya namba E, zile za usajili mpya.

Ndago
Una majibu yote mkuu. Ulikuja kuomba ushauri au pongezi?

Mpimachai
Wakuu mnachezewa hapa. Rudini posti ya kwanza: "leseni ndiyo kwanza nimeanza kuisomea." Huyu huyu amekwenda Rombo mara mbili na Harrier. Trafiki wa Chalinze, Segera, Mombo, Same, wote amewapita kwa maombi? Akaunti ya juzi, uzi mmoja. Tochi, boneti, kiganja, homa... hii ni chai, hadithi ya kutunga, tena ya maziwa yenye tangawizi. Weka picha ya karatasi ya mkopo.

Wa_Kiambu
Waa. Sikuwa nimeiona hiyo.

Ndago
Nami nilishaanza kumwonea huruma. Leteni vikombe.

Mangi_Mpole
Ilikuja na dereva. Nyumbani nilimtambulisha kama rafiki wa kazini aliyekuja kuuona mlima. Tukifika njia panda ya kwetu tunabadilishana, nachukua usukani. Ni kama mita 200 hadi getini.

Mpimachai
Mita 200 😂 Mwandishi huyu. Kesho atatuletea sehemu ya pili.

Kodi_Tabata
Mpimachai, nakodisha magari mwaka wa sita sasa. Simjui Mangi, lakini alichoandika nakiona kila Desemba. Mteja anaomba nibandue stika ya kampuni kwenye kioo cha nyuma. Mwingine alinisihi nisimpigie simu kuanzia tarehe 23 hadi 27 kwa sababu simu yake inashikwa na mama. Dereva wangu mmoja ametambulishwa kama shemeji. Mwingine mwaka jana alilazwa chumba kimoja na babu, babu usiku kucha anamuuliza mshahara wake huko ofisini, naye ofisi yenyewe haijui.

Mpimachai
Mbona umetokea haraka hivyo? Nyie ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Unatangaza biashara.

Kodi_Tabata
Akaunti yangu ni ya 2016 mkuu, yako ni ya lini?

Kipusa_wa_Chumbageni
Chai au siyo chai, mimi nina swali. 30 na 9 ni 39. Yadi wanataka 43. Nne zinatoka wapi?

Kipusa_wa_Chumbageni
Mangi?

Mangi_Mpole
Mke wangu ana kikoba, wanagawana tarehe 10. Habari ya gari anaijua, hata ya kukodi anaijua. Hizo nne ndiyo sijamwambia. Nitazirudisha Machi.

Kipusa_wa_Chumbageni
Kwa laki saba ipi?

Mangi_Mpole
Dada yangu, mkopo umeingia jana. Yadi nimeshaacha milioni 5 na risiti imeandikwa hairudishwi. Ndiyo maana niliuliza spea.

Mwl_Mstaafu
Mangi, mwanangu naye huja na gari kila Krismasi. Mwaka juzi jeupe, mwaka jana la fedha. Mvua iliponyesha akawa hajui swichi ya waipa iko wapi, rafiki yake akanyoosha mkono akaiwasha bila kutazama. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Sikusema neno. Tulipofika nilimchinjia kama kawaida.

Mangi_Mpole
Shikamoo mwalimu. Samahani, wewe siyo wa Rombo lakini?

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Niko Singida.

Ndago
Mangi kapumua hadi huku nimesikia.

Kodi_Tabata
Mangi, kapiganie hiyo tano yako yadi, hata wakikurudishia nusu. Mimi ninayo nyeusi, namba E, tarehe 20 hadi 30 ipo wazi. Dereva mpole, hali sana, na mlima hajawahi kuuona kweli.

Fundi_Gerezani
Ni Harrier?

Kodi_Tabata
Crown.

Mangi_Mpole
Mkuu nimekuja inboksi imegoma. Fungua.

Fundi_Gerezani
Crown iko chini jamani. Nilisema makorongo.