Lokichar: mbona hawachimbi palipo na mchanga mwingi?

Chipukizi_Miamba: Habari wakuu. Nasoma jiolojia mwaka wa tatu, mradi wangu ni bonde la Lokichar Kusini, Turkana. Mchanga ulishuka kutoka milima ya magharibi, kwa hiyo si umerundikana pale pale kwenye mpasuko mkuu, ule ufa wa miamba ukingoni mwa bonde? Mbona wasichimbe mafuta hapo tu? Halafu logi ya gamma (kipimo cha mionzi ya miamba kisimani) nayo inanichanganya: inasema tope, vipande vya mwamba vinavyotoka kisimani vinasema mchanga.

Mzee_wa_Vipande: Kijana, tafuta habari za kisima cha Twiga-2, hapo hapo Lokichar, 2014. Tobo la kwanza lilishuka karibu na mpasuko, likakuta mita 18 hivi zenye mafuta, lakini kwenye mashapo ya upepeo, yaani yaliyomwagwa na mafuriko mdomoni mwa korongo yakatanuka kama pepeo, mwamba usio na ubora. Wakalipindisha mbali na mpasuko, wakapata mita 62 zenye mafuta kwenye mchanga wa tabaka la Auwerwer, mzuri kama ule wa visima jirani vya Ngamia.

Mafuriko yakitoka korongoni humwaga kila kitu kwa mpigo: kokoto, mchanga, tope, vyote mchafukoge. Tope linaziba nafasi kati ya chembe, mafuta yatakaa wapi? Mto ukishasafiri ndio unachambua, tope linakwenda zake ziwani. Nimeosha na kusoma vipande kwenye mitambo miaka mingi. Mchanga wa upepeo unaujua hata kabla ya lenzi, maji ya kuoshea hayaishi kuwa machafu.

Gamma sasa. Mchanga wa Lokichar una feldispa, madini yenye potasiamu, na potasiamu hutoa mionzi. Ikisoma juu usikimbilie kuandika "tope". Tazama logi mbili nyingine, ya msongamano na ya nyutroni, pamoja: zikikaribiana au kupishana, ni mchanga, nyutroni ikipaa peke yake, hilo ni tope kweli. Kisha kwaruza feldispa kwa pini. Ikigeuka unga mweupe, imeshaoza, na udongo wake unaziba vitundu.

Binti_Mawimbi: Naongeza: usilisahau ziwa la kale. Kisima cha Loperot-1 cha Shell, 1992, kilikuta dalili za mafuta. Tope la ziwa hilo, tabaka la Lokhone, ndilo jiko lenyewe mafuta yalikopikwa. Mzee, mifereji ya mto si hukatikakatika? Visima jirani utajuaje vimeungana?

Mzee_wa_Vipande: Kwa shinikizo, binti yangu. Toa mafuta kisima kimoja, pima kingine. Kisiposhtuka, pengine mchanga haujaungana, hata kama kwenye karatasi mmeuchora mmoja. Chipukizi, weka hapa logi zako tatu tuzione, na uandike kisima kiko umbali gani na mpasuko.