Naomba ushauri: wanafunzi wamechagua kiranja mkuu, ofisi imeweka mwingine

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Uraia sekondari moja ya kata huku Ilemela, Mwanza. Mwaka huu tulikubaliana kiranja mkuu achaguliwe kwa kura za siri. Boksi la chaki tukalitoboa juu, kura zikahesabiwa ubaoni mbele ya shule nzima, kila mgombea na wakala wake. Mmoja aligawa pipi usiku wa kuamkia uchaguzi, wenzake wakazila na kura wakamnyima. (Nilicheka, wakubwa wangejifunza hapo.)

Akashinda binti wa kidato cha tatu, mtoto wa wachuuzi wa dagaa. Jumatatu mstarini likatangazwa jina la mvulana aliyeshika nafasi ya pili. Ofisini niliambiwa binti "ana maswali mengi".

Sasa nikiingia darasani kufundisha vyama vingi kurudi 1992, au ibara ya 5 ya Katiba inayompa raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, wananiangalia tu. Mmoja kauliza, "Mwalimu, na huko kura zinahesabiwa kama zetu?" Wengi wao miaka miwili mitatu ijayo ni wapiga kura.

Walimu wenzangu na mliokaa bodi za shule: nianzie wapi? Kikao cha walimu, bodi, au afisa elimu kata? Sitaki vita na mkuu wangu, wala binti aonekane ndiye chanzo. Na darasani niwajibu nini?