Siku nne Armenia: Garni, Musaler au ngoma za Yerevan?

BintiMalindi
Habarini wapendwa. Septemba nitapita Armenia na mama yangu tukitokea Dubai, siku nne tu. Mama ni mpishi wa shughuli, anataka kukaa jikoni na wanawake wa kijijini. Mimi nataka ngoma. Aliyefika anishauri.

Msafiri_Moro
Garni, dada. Ni mwendo wa kama kilomita 28 kutoka Yerevan. Huko utakuta tonir, tanuri la udongo lililochimbiwa ardhini (hata jina linafanana na tanuri letu). Humo wanaoka lavash, mkate wao mwembamba: mmoja anasukuma donge la unga, mwingine analirusha mkono kwa mkono mpaka linakuwa jembamba kama kitambaa, analitandika juu ya mto mgumu, kisha anainama na kulibandika ukutani mwa tanuri. Haifiki dakika, lavash imeiva. Nilipojaribu, joto lilinipiga usoni nikarudi nyuma. Mama mmoja akanishika kiwiko, akanionyesha mkono unavyoingia na kutoka mara moja. UNESCO iliuorodhesha mkate huu kama urithi wa utamaduni mwaka 2014. Ngoma sikuiona.

Kombo_Unguja
Mimi nasema Musaler, kijiji karibu na Yerevan ukielekea Etchmiadzin. Kila Jumapili ya tatu ya Septemba wanakula harisa. Si ile ya pilipili ya Tunisia, hii ni boko boko kabisa: ngano na nyama, inapikwa kwa kuni usiku kucha wa Jumamosi, inapondwa mpaka inavutika. Wanakumbuka 1915, wazee wao walipojihami juu ya mlima Musa Dagh dhidi ya jeshi la Osmani, hadi manowari za Ufaransa zikawachukua watu zaidi ya 4,000 kwenda Port Said, Misri. Zurna (zumari yao) na ngoma ya dhol zinalia masufuria yakiwa motoni, watu wanacheza hapo hapo. Chakula kinagawiwa bure. Kwangu mimi hakuna cha kulinganisha, maana wangepika hata kama mgeni hajaja.

Zuwena_K
Kwa ngoma yenyewe, Yerevan. Ijumaa ya mwisho ya mwezi watu hukusanyika karibu na ngazi za Cascade, wanafundishana hatua. Kochari, ngoma yao ya jadi iliyoingia orodha ya UNESCO 2017, inachezwa bega kwa bega. Jirani akiruka nawe unaruka. Lakini piga hesabu: kutoka Jumapili ya tatu hadi Ijumaa ya mwisho ni siku tano au zaidi. Kwa siku zako nne, chagua moja.

BintiMalindi
Basi tunafika Ijumaa. Jumamosi asubuhi Garni, usiku Musaler. Mama ameshasikia habari za boko boko, hataki kusikia nyingine. Kaka Kombo, ataruhusiwa kushika mwiko?

Kombo_Unguja
Mwiko uko mikononi mwa wanaume, ni kazi ya kurithiana. Mwambie mama asalimie kwanza, akae karibu na moto, aonje. Na mchukue makoti, usiku kuna baridi.